Mbinu za Bastola kwa Masafa ya Karibu: Ninavyozipima kwa Jinsi Zinavyoharibika

Swali ninaloulizwa zaidi na watu wanaoanza kubeba bastola kwa kujilinda ni hili: mtu mwenye nia mbaya akiwa hatua mbili tatu mbele yako, ulenge kwa zile alama zilizo juu ya bastola, au uelekeze tu mkono na kufyatua? Wengi wanapouliza huwa wameshachagua upande, na wanachotaka ni mtu wa kuwaunga mkono.

Nimefundisha shabaha kwa miaka mingi. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kusimama nyuma ya watu wanaopiga, ukitazama mikono yao, miguu yao, kisha matundu kwenye karatasi. Nilichokiona kutoka hapo kimenifanya niamini kwamba swali lenyewe limekaa vibaya. Mbinu yoyote hupendeza siku inapofanikiwa. Ukitaka kuijua, itazame inapoharibika. Risasi imekwenda mbali kiasi gani na pale mpigaji alipokusudia? Imekwenda upande gani? Na mpigaji mwenyewe ametambua kwamba imeharibika, au anaendelea kufyatua akidhani mambo ni sawa? Hilo la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi. Risasi iliyokosa haitoweki. Inaendelea na safari yake hadi ikutane na kitu, na ukuta mwembamba wa nyumba hauizuii.

Mzee aliyenifundisha kazi hii alikuwa na desturi ya kukagua karatasi za wanafunzi mwisho wa zoezi. Mwanafunzi akimwonyesha kwa furaha matundu yaliyosongamana katikati, mzee aliyapita bila kusema kitu na kuweka kidole kwenye tundu moja lililokuwa pembeni. "Hili nieleze, mwanangu," alikuwa akisema. "Hayo mengine nimeyaona." Nilirithi desturi hiyo na sijaiacha.

Ugomvi wa kulenga na kuelekeza ni wa zamani, na unafaa kujulikana ulikotoka kabla mtu hajachukua upande. William Fairbairn, Mwingereza aliyeingia polisi wa manispaa ya Shanghai mwaka 1907, alifanya kazi katika mji wenye magenge yenye silaha. Mapambano mengi yalikuwa ya ghafla, ya hatua chache, mara nyingi gizani. Yeye na mwenzake Eric Sykes waliwafundisha askari kupiga kwa mkono mmoja, mwili umeinama kidogo, bila kutafuta alama za kulengea. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mafunzo hayo yakawafikia makomando wa Uingereza, na Rex Applegate akayaeneza katika jeshi la Marekani.

Upande wa pili yuko Jeff Cooper, Mmarekani aliyefungua shule ya bastola Arizona mwaka 1976. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandaa mashindano California ambako washindani wengi walipenda kupiga kutoka kiunoni mara tu bastola inapotoka kwenye ala. Askari mmoja wa Los Angeles, Jack Weaver, akafanya jambo lililoonekana la polepole. Aliishika bastola kwa mikono miwili, akaiinua hadi usawa wa jicho, akaitazama alama ya mbele, ndipo akafyatua. Akawa anawashinda. Wenzake walikuwa na kasi kubwa, lakini risasi zao za kwanza zilikuwa zikipita pembeni. Cooper aliyaona hayo, akayafanya kuwa msingi wa mafundisho yake.

Kinachosahaulika katika mabishano ya leo ni kwamba Fairbairn na Sykes wenyewe walifundisha pia kushika kwa mikono miwili na kutumia alama za kulengea pale umbali unapoongezeka. Hawakusema mkono ulioelekezwa unatosha kila mahali. Walizungumzia umbali mfupi sana na muda mfupi sana. Anayelitumia jina la Fairbairn kupiga bila kulenga kwa umbali wa mita 10 anamsingizia.

Tuje kwenye hesabu, kwa kuwa hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini watu wenye akili timamu wanaweza kubishana miaka yote hii na wote wakawa na matundu mazuri ya kuonyesha. Chukua mtutu uliopotoka kwa nyuzi (digrii) moja tu kutoka pale unapotakiwa kuelekea. Kwa mita 1, risasi inakosea kwa chini ya sentimita 2. Kwa mita 3, ni kama sentimita 5. Kwa mita 7, sentimita 12. Kwa mita 15, sentimita 26. Mkono ulioelekezwa bila kulenga haukosei kwa nyuzi moja. Kwa mtu wa kawaida aliyefanya mazoezi kiasi hukosea kwa mbili, tatu, wakati mwingine tano, na nyuzi tano kwa mita 3 ni sentimita 26. Kwa mita 2 mtu huyo ataona matundu yote kifuani na ataapa kwamba amemaliza kujifunza. Msogeze hadi mita 7, bila kubadilisha chochote mkononi mwake, na nusu ya risasi zake hazigusi karatasi.

Sasa geuza hesabu upande wa pili. Kwenye bastola ya kawaida alama ya mbele na ya nyuma zimeachana kwa takriban sentimita 15. Alama ya mbele ikiwa imekwenda pembeni kwa milimita moja nzima, kosa ambalo jicho lolote zima linaliona, risasi kwa mita 3 itahama sentimita 2 na kwa mita 7 haitafika sentimita 5. Maana yake, kwa masafa ya karibu huhitaji kulenga kama mshindani wa medali. Ukiona alama ya mbele iko mahali fulani ndani ya nafasi ya ile ya nyuma, imetosha. Wanaosema kulenga kunachukua muda mrefu mno kwa kawaida wanakufikiria kulenga kule kwa karatasi za mviringo, jicho moja limefumbwa, pumzi imezuiwa. Mtazamo wa haraka wa alama ya mbele ni kitu kingine, na hauchukui muda ambao mtu ataujutia.

Nimewapitisha watu kwenye jaribio lile lile kwa namna nyingi, na utaratibu wangu ni huu. Ninaihesabu risasi ya kwanza ya siku peke yake. Mtu anafika, anavaa vizuia sauti na miwani, anasimama mstarini, na kabla hajapasha mikono moto anapewa ishara moja ya kuchomoa na kupiga. Mlio wa bastola hupita desibeli 150 na kuharibu masikio papo hapo, kwa hiyo vizuia sauti sivijadili na mtu. Baada ya risasi hiyo karatasi inapigwa alama ya kalamu. Kisha tunaendelea na mazoezi mengine, na watu wanakuwa wazuri kadiri saa zinavyokwenda. Mwisho wa siku ninawarudisha kwenye lile tundu la kwanza. Hiyo ndiyo bastola wanayoibeba barabarani. Aliye mahiri baada ya saa mbili za mazoezi hatakuwepo siku ya shari, maana hakuna mshambuliaji atakayempa mtu saa mbili za kupasha moto.

Kwa kigezo hicho mbinu zinajitenga zenyewe. Hadi kama mita 2, wanaoelekeza na wanaolenga wanalingana karibu kila kitu, na wanaoelekeza wanatangulia kidogo kwa muda. Kati ya mita 3 na 5 wanaoelekeza huanza kugawanyika: wachache wenye mkono uliozoea wanabaki vizuri, wengine wanatawanyika. Kutoka hapo kwenda mbele sijaona sababu ya kumshauri mtu yeyote asitazame alama. Na mstari huo unarudi nyuma mara tu mpigaji anapoanza kutembea. Mtu aliyekuwa akielekeza vizuri kwa mita 4 akiwa amesimama, mwambie arudi nyuma kwa mshazari huku anapiga, na utaona matundu yakishuka chini na kwenda pembeni, kwa sababu mkono wake ulikuwa umezoea kiwiliwili kilichotulia.

Kuna njia ya katikati ambayo siku hizi ndiyo ninayoianza na wanafunzi wote. Bastola inapanda hadi chini kidogo ya mstari wa jicho, macho yanabaki kwa yule mtu, lakini umbo la bastola linaonekana juu yake kama kivuli. Hutafuti alama ya mbele. Unaona mgongo wa bastola. Nimeipenda njia hii kwa sababu moja inayohusu kuharibika. Bastola ikiwa imeinama au imegeuka, umbo hilo hubadilika. Mtutu ukiwa umepanda, mgongo wa bastola unaonekana mrefu zaidi na yule mtu anazibwa. Ukiwa umekwenda kushoto, ubavu wa kushoto unajitokeza. Mpigaji anapata habari kabla ya kufyatua, hata kwenye mwanga hafifu ambapo alama nyeusi juu ya nguo nyeusi hazionekani kabisa. Kupiga kutoka kiunoni hakumpi habari yoyote. Anajua amekosa pale tu matokeo yanapoonekana, kama yataonekana.

Kuhusu kusimama nitasema machache. Mkao wa Weaver, bega moja mbele na mikono ikivutana, ni mzuri ukipewa nafasi ya kuujenga. Mkao wa kumkabili mtu kifua kwa kifua na mikono yote miwili kunyooka, uliopata umaarufu kwenye mashindano ya miaka ya 1980 kupitia watu kama Rob Leatham na Brian Enos, ndio mwili unaoukimbilia wenyewe unaposhtuka. Nimewatazama watu waliofundishwa Weaver kwa uaminifu, na ishara ikija ghafla wanaishia wamemkabili mtu moja kwa moja. Mvutano wa mikono unaodai uwepo wa akili hupotea kwanza. Sioni faida ya kupigana na mwili juu ya jambo ambalo mwili umeshaamua.

Mambo yanabadilika kabisa mtu anapokuwa ndani ya urefu wa mkono. Hapa ndipo ninapoona upungufu mkubwa zaidi katika mafunzo, na ndipo ninapotumia muda mwingi.

Kwenye zoezi hili hatutumii bastola halisi. Tuna bastola za plastiki zisizoweza kufyatua, na hakuna silaha ya kweli wala risasi inayoruhusiwa ndani ya chumba. Kaka mmoja, mtu wa mwili mkubwa na mpigaji mzuri sana wa mita 7, alisimama mbele ya mwenzake aliyekuwa na kipande cha fimbo ya sifongo mkononi. Ishara ilipotolewa akachomoa kama alivyozoea, akanyoosha mikono yote miwili mbele. Mwenzake akaisukuma ile mikono kwa kiganja kimoja na kumchoma tumboni kwa sifongo mara kadhaa kabla hajairudisha. Wakarudia, ikawa vilevile. Mara ya tatu akaniangalia. "Mwalimu, mkono wangu unakwenda wenyewe." Alikuwa amesema kweli. Alikuwa ameufundisha mkono kitu kimoja tu, nao ulikuwa mtiifu.

Ndani ya urefu wa mkono, kunyoosha bastola ni kumkabidhi mtu. Inapaswa ibaki mwilini. Mkao ninaoufundisha ni bastola kubanwa ubavuni chini ya kifua, kidole gumba cha mkono unaoishika kikigusa mbavu, kiwiko nyuma, mtutu ukielekea chini kidogo. Mkono mwingine unapanda juu kulinda kichwa na shingo, kiwiko kikiwa mbele, kiganja kikirudi kuelekea upande wa kichwa. Kidole gumba kwenye mbavu kina kazi kubwa kuliko kinavyoonekana. Ndicho kinachoufanya mkao huo uwe ule ule kila mara, gizani au mchana, na kwa hiyo mtutu uelekee pale pale. Bila mguso huo kila mtu anabuni pembe yake mpya kila anapochomoa.

Unaharibikaje? Kwa namna tatu, na zote nataka mwanafunzi azijue kabla ya kuruhusiwa kuujaribu na risasi. Ya kwanza, na mbaya kuliko zote, ni mkono wa kujikinga kushuka mbele ya mtutu. Mtu anasukumana, anachoka, mkono unateleza chini, na sasa kiganja chake kiko njiani. Ndiyo maana ninasisitiza kiganja kirudi kichwani na kisielee hewani. Ya pili ni nguo. Bastola nyingi za kisasa zina sehemu ya juu, slaidi, inayokwenda nyuma kwa nguvu kila risasi inapotoka. Ikiwa imebanwa dhidi ya koti au shati pana, inanasa, na risasi ya pili haiingii. Kuigeuza bastola nje kidogo, mbali na mbavu, kunapunguza tatizo hilo. Ya tatu ni mtutu kugandamizwa kwenye mwili wa mshambuliaji. Kwenye bastola ya slaidi, kusukuma mtutu dhidi ya kitu kunaweza kuirudisha slaidi nyuma milimita chache, na hapo triga (kifyatulio) inavutwa lakini hakuna kinachotoka. Rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, haina tatizo hilo, ila mtu akiikamata silinda yake kwa nguvu isizunguke, triga inakuwa ngumu haisogei. Slaidi nayo ikikamatwa, bastola inaweza kutoa risasi moja kisha ikabaki na ganda tupu ndani. Mtu anayejua hayo hatashangaa, ataivuta slaidi na kuendelea. Asiyejua atasimama akiitazama silaha yake.

Kuna mbinu nyingine ya umbali huu ambayo bado naiona ikifundishwa, ile ya kupiga kutoka kiunoni huku mpigaji akijirusha kiwiliwili nyuma ili mtutu upande. Kwenye karatasi inatoa matundu. Weka mtu halisi anayesukuma mbele, na uzito wa mpigaji uko visiginoni tayari. Anaanguka chali na bastola mkononi. Nimeiondoa kwenye mafunzo yangu na sitairudisha.

Na mara nyingi kwenye urefu wa mkono jibu la kwanza huwa si bastola kabisa. Kuchomoa chini ya nguo huchukua sekunde moja na nusu au mbili kwa mtu aliyefanya mazoezi, na mikono yote miwili inashughulika muda wote huo wakati kisu kinakuja. Kujikinga, kumsukuma, kuzunguka hadi ubavuni pake, kisha kuchomoa ukiwa na nafasi: mpangilio huo ulimfaa yule kaka kuliko kasi yake yote. Baada ya zoezi kadhaa aliacha kukimbilia kiunoni mwake, akawa kwanza anamgeuza mwenzake. Mara nyingine hakuchomoa hata kidogo, alitoka tu mlangoni, na hizo ndizo nilizomsifia kwa sauti.

Watu wananijibu kwa kutaja umbali wa futi 21. Chanzo chake ni Dennis Tueller, askari polisi wa Salt Lake City, ambaye mwaka 1983 alichapisha matokeo ya kipimo rahisi: mtu wa kawaida anaweza kukimbia futi 21, takriban mita 6.4, kwa muda wa kama sekunde moja na nusu, sawa na muda wa kuchomoa na kupiga. Kilikuwa kipimo cha hatari, cha kumfanya askari aamke mapema. Kimegeuzwa na watu kuwa kibali, kwamba yeyote mwenye kisu akiwa ndani ya mita hizo basi ni halali kumpiga risasi. Kipimo hakikusema hivyo. Sheria katika nchi nyingi huangalia kama maisha yalikuwa hatarini papo hapo na kama nguvu iliyotumika ililingana na hatari hiyo. Ninachokichukua kwa Tueller ni tofauti kabisa. Ukisimama tu mahali pamoja ukichomoa, umechelewa. Miguu lazima ianze kabla ya mkono.

Triga inastahili maneno yake, kwa sababu nimeona watu wakibadilisha mkao, ala na hata bastola wakati tatizo liko kwenye kidole. Njia ya kuligundua ni risasi za mazoezi zisizo na baruti. Mtu mwingine anachanganya kadhaa kati ya risasi halisi kwenye magazini (kikasha cha risasi) bila mpigaji kujua zilipo. Triga inavutwa, mlio hautoki, na mtutu unaonekana ukichota chini kama sentimita kadhaa, kwa sababu mwili ulikuwa ukijiandaa kwa mshtuko. Kwa anayetumia mkono wa kulia risasi hizo hujikusanya chini kushoto. Mpigaji anayeziona mwenyewe hahitaji hotuba kutoka kwangu. Na hili linaingia moja kwa moja kwenye ule ugomvi wa mwanzo: mtu anayechota mtutu namna hiyo atakosa akilenga na atakosa akielekeza, kisha ataipa lawama mbinu.

Kidole kinakaa nje ya triga hadi uamuzi wa kufyatua umefanyika. Kila mtu anaijua kanuni hiyo kwa mdomo. Kwenye purukushani za karibu ndipo ninapoiona ikivunjika, kwa sababu mkono mmoja ukikaza, mwingine nao hukaza bila kuulizwa. Mtu anayemkamata mwenzake shati kwa mkono wa kushoto na kuishika bastola kwa mkono wa kulia, huku kidole kiko ndani, anaweza kufyatua bila kukusudia. Tunalirudia zoezi hilo kwa bastola za plastiki hadi kidole kikae nje hata mtu anaposukumwa, anapojikwaa, anapopigiwa kelele.

Hofu nayo ina mambo yake. Walionusurika kwenye matukio ya kweli na kuzungumza nami wameeleza mambo yanayofanana: macho kuganda kwenye silaha ya mshambuliaji, sauti za risasi kusikika kwa mbali au kutosikika, vidole kuwa vizito. Siwezi kuyaleta hayo kwenye uwanja wa shabaha, na sidai kwamba kukimbia mbio fupi kabla ya kupiga ni sawa na kuogopa. Ninachoweza ni kuchagua mbinu zisizodai vidole laini na macho mapana. Kila hatua ninayoiongeza kwenye mbinu ninaiuliza kama itabaki pale mtu asipoweza kufikiri. Nyingi hazibaki, ninaziondoa.

Kwa wanaotaka kuanza kujaribu haya, risasi halisi kwenye mkao wa ubavuni ni za mwisho, baada ya bastola tupu iliyokaguliwa na watu wawili, na mkufunzi awe ubavuni mwako. Shabaha ziwe za karatasi au kadibodi. Mabamba ya chuma hayapigwi kwa masafa haya hata mara moja, vipande vya risasi hurudi usoni. Osha mikono vizuri kabla ya kula, risasi zina madini ya risasi (lead) yanayobaki kwenye ngozi.

Siku hizi jambo linalonishughulisha ni bastola zenye kioo chenye nukta nyekundu. Kuanzia mita 7 kwenda mbele zimewasaidia watu wengi, hasa wenye macho yaliyochoka, kwa sababu jicho linabaki kwenye shabaha. Kwa karibu picha haijakaa sawa. Wanaoinyoosha bastola vizuri wanaiona nukta mara moja. Wanaotoka kwenye mkao wa ubavuni kwenda usawa wa jicho mara nyingi hawaioni, na badala ya kufyatua au kusogea wanaitafuta, wakiinamisha mtutu juu na chini. Tena nukta imekaa juu zaidi ya mtutu kuliko alama za kawaida, kwa hiyo kwa mita 2 tundu linakuwa sentimita kadhaa chini ya pale nukta ilipokuwa. Kwa kifua haidhuru, kwa shabaha ndogo inadhuru. Nimeanza kuwafundisha hao wanaoitafuta waitumie fremu ya kioo chenyewe kama kivuli cha bastola, na nukta ikionekana ni heri. Wengine wameshika haraka. Wengine bado wanaitafuta kila risasi ya kwanza ya siku, na hao ninawarudisha kwenye bastola tupu, kutoka ubavuni hadi usawa wa jicho, polepole, kabla ya kuwapa risasi yoyote.